Bangili ya Siku Tisini

Mdogo wangu Mwanaidi alipopata uraia wa ng'ambo, aliomba kumchukua mwanawe Tunu akaishi naye huko moja kwa moja. Tunu alikuwa na miaka mitano, na minne kati ya hiyo nimemlea mimi. Ubalozini wakamvisha bangili ya kusikiliza moyo. Kwa siku tisini ingepima moyo wake unatulia kwa sauti ya nani. Ukitulia kwa mzazi, anakwenda.

"Dada, nisaidie," Mwanaidi alilia kwenye simu. "Sauti yangu anaisikia kama redio ya jirani."

Nikamsaidia. Niliacha kumwimbia. Akianguka akalia, nilimwekea sauti ya mama yake iliyorekodiwa, nikatoka uani, nikamsikia akiniita mpaka akachoka. Aliponiita mama nilimwambia, "Mimi mama mkubwa. Mama yako yuko kwenye simu." Hata kumsuka niliacha. Akawa anajichana mwenyewe, mbele tu, maana kisogoni mkono wake haukufika.

Siku ya tisini bangili ikasomwa. Ofisa, kijana mpole, aliangalia kioo cha kompyuta mara mbili.

"Moyo wake hautulii kwa mama yake," alisema. "Wala kwako. Ombi limekataliwa. Pole, mama. Endelea kumlea kama zamani."

Tuliporudi nyumbani nilitandika mkeka, nikashika chanuo, nikamwita nimsuke. Tunu alikuja, akalichukua chanuo mkononi mwangu taratibu.

"Nitajichana, mama mkubwa," alisema.

Akajichana mbele. Kisogo akakiacha.