Dodoso la Waliovuka

Lilikuwapo jiji la wanyama lililogawanywa na mto, na wakazi wa ng'ambo wakaomba daraja kwa sababu ya Mamba. Halmashauri ikamtuma Kicheche, mtafiti asiyesadiki jambo lisilo na takwimu. Kicheche akaketi sokoni, upande wa halmashauri, akamuuliza kila aliyefika kutoka ng'ambo: "Je, umeliwa na Mamba?"

Wote mia tatu walijibu hapana.

"Asilimia mia huvuka salama," akaandika. "Daraja halihitajiki."

Digidigi, muuza mchicha, akamjia. "Bwana mtafiti, asubuhi niliingia majini na dada yangu. Mbona katika ripoti yako hayumo?"

"Hakujaza dodoso, mama."

"Haya, basi vuka ukawasomee ripoti walioomba daraja."

Kicheche hakuwahi kuvuka mto ule. Akatia mguu mmoja majini. Mamba akapanua taya.

"Karibu, mtaalamu. Mimi bado sijahojiwa."

Kicheche akauchomoa mguu, akafuta ripoti yote, akaandika upya palepale ukingoni: "Watafiti wote waliotia mguu mtoni wanataka daraja. Asilimia mia."

Halmashauri haikuuliza walikuwa wangapi. Daraja likajengwa.