Kuilaza Kidogo

Dereva alishuka kwenye pikipiki yake mpya, lile lidude linalomvunja kiuno kila siku, akamkuta kinyozi ameloa jasho, akiipiga kiki ile kuukuu aliyomuuzia.

“Kaka, jini lako hili limenishinda. Leo leo nakurudishia.”

Dereva moyo ulimruka kwa furaha. Ili aipate tena, alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Lakini kiki nyingine ilipogonga bure, aliumia kama anayeona mwanawe akichapwa. Mkono ukamtangulia. Ukaishika pikipiki pale kiti kilipochanika, ukailaza ubavu mpaka mafuta yakasikika yakiteremka, ukaiinua. Akakanyaga mara moja.

Ikaitika.

“Kumbe dawa yake ndiyo hiyo!” Kinyozi aliruka kitini akicheka. “Basi sirudishi ng’o!”