Chiriku Asiye na Upande

Zamani, wanyama walikuwa na mpasha habari wao, Chiriku, aliyejisifu kwamba hana upande. Siku moja Mbuzi alimjia akilia. "Bwana Chiriku, Chui kamla mwanangu. Twende ukaone, damu ingali mbichi."

Chiriku hakwenda. Alimpitia Chui tu, kisha akatangaza: "Mbuzi adai mwanawe kaliwa. Chui asema amefunga, hata mate hamezi. Ukweli anaujua Mola."

"Mola anaujua, lakini wewe kakupa mabawa!" Mbuzi akamjibu. Wanyama wakaguna, na tangu hapo hakuna aliyemwamini.

Haukupita muda, Nyoka akajipenyeza kichakani penye kiota cha Chiriku. "Jamani, njooni! Nyoka anawamaliza wanangu!"

"Na Nyoka mwenyewe asemaje?" akauliza Ngiri, bila kuacha kutafuna. Wote wakacheka, Mungu atusamehe, wakaendelea kula.

Mbuzi peke yake aliinuka. Akaingia kichakani, akamkanyaga Nyoka kichwa. Kinda mmoja alikuwa bado hai.

Chiriku akamwangukia miguuni. "Bi Mbuzi, kumbe wewe uliniamini!"

"Nikuamini wewe?" Mbuzi akasema, akifuta kwato majanini. "Nilikuja kutazama."