Kutoa Tu

Mwenye bucha hakubisha hodi. Aliupiga mlango wa zahanati teke, bawaba zikang'oka, na mlinzi aliyejaribu kumzuia akala ngumi moja ya pua na kwenda chini. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakakumbatia watoto wao, wakatimua mbio.

Mkono wa kulia ulishika kisu cha kazini. Wa kushoto ulikuwa umekamata nywele za mkewe, anamburuta sakafuni, jicho moja limevimba mpaka limefunga, gauni limechanika begani.

"Nani kamwekea huyu kijiti cha uzazi?" alinguruma. "Ajitokeze, la sivyo nawachuna wote!"

Nesi alisimama nyuma ya meza. Aliyemwekea ni yeye, enzi zile serikali ilipokuwa ikiwabembeleza wanawake wapange uzazi, tena kwa mabango na vipaza sauti barabarani. Kisha upepo ukageuka. Mkubwa mpya akasema redioni kwamba nchi inataka watu, na amri ikashuka: sindano za uzazi basi, vidonge basi, vijiti basi. Wakaguzi wakaja wakakomba kabati zima. Kilichoruhusiwa ni kutoa tu vijiti vya zamani, na mwanamke aje na mumewe. Mwanamke huyu huyu alikuja peke yake mwezi uliopita. Mkaguzi alikuwa amekaa pale pale, na nesi akamfukuza kwa ukali hata kabla hajafungua mdomo. Aibu ile ilikuwa bado inamtafuna.

"Kaka, weka kisu chini tuongee."

"Kaka yako nani?" Akakigongesha kichwa cha mkewe kwenye ukingo wa meza. "Mimi nachinja kila siku. Nikishika nyama najua mfupa upi, mshipa upi. Nimeshika mkono wa huyu nikakuta kijiti. Miaka yote hii kanifanya bwege! Nakitoa mwenyewe, hapa hapa!"

Akaulaza mkono wa mkewe mezani, akapitisha ncha ya kisu. Ngozi ikaachana, damu ikachuruzika hadi kwenye kadi za kliniki. Mke alipiga yowe moja tu, kisha akauma midomo.

Nesi alimjua vizuri mwanamke yule. Yeye nesi ndiye aliyempokea mtoto wake wa mwisho. Siku hiyo mama alitokwa na damu hadi godoro likalowa upande wa chini, na daktari akasema waziwazi, mume akisikia, kwamba mimba nyingine itamuua. Mume alicheka. Akasema madaktari nao wamezidi uoga. Sasa yalibaki mawili: kisu kikate mshipa mkubwa, mama wa watu afe leo, au kijiti kitoke salama afie leba mwakani. Nesi alimchukia yule mwanamume kwa moyo wake wote. Lakini alisogea.

"Acha nitoe mimi. Wewe utapitiliza. Amri inaniruhusu."

"Nasimama hapa. Nataka nione kwa macho yangu."

"Usisimame tu. Mshike, asitikisike."

Hilo lilimpendeza. Alimtupa mkewe kitandani kama anavyotupa paja la ng'ombe, akamwekea goti kifuani, akaubana ule mkono kwa mikono yote miwili. Nesi akachoma ganzi, akavuta droo ya chini yenye vifaa vya kushonea, akachana kidogo pale pale penye jeraha. Kijiti kikatoka, cheupe, chembamba, akakiweka kwenye kisahani.

"Tumemaliza?"

"Bado. Umemchana na kisu cha nyama, patatunga usaha." Akainua sindano nene, mithili ya ile ya kushonea magunia, akaipitisha polepole chini ya ngozi. Mke alifumba macho. "Mbane vizuri, shemeji."

Shemeji akambana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Sindano ilipotoka tu, akanyakua kijiti kisahanini, akatoka nacho hadi barabarani, akakiinua juu wenye maduka wakione.

"Nyumbani kwangu mwanamume ni mmoja!" alipaza sauti. Wapo waliopiga makofi.

Ndani, nesi alifunga bendeji. Akainama hadi sikioni kwa yule mama.

"Usilie, dada. Nimekuwekea kipya. Nilikificha wakaguzi wasikione. Ila nikimpata aliyekuchongea kwa huyu mnyama, wallahi nitamng'oa ulimi."

Mke alijifuta damu mdomoni kwa kiganja.

"Ni mimi, sista. Cha zamani kilikuwa kinaisha muda wake, na nilipokuja peke yangu ulinifukuza. Ilibidi anilete yeye. Jana nikamshika vidole, nikamwonyesha pa kupapasa."