Shika

"Shika," Gathecha alisema, chuma kikiwa kimemkalia kifuani.

Kwa miaka sita nilikuwa mfanyakazi wake, na kila aliposema neno hilo, mikono yangu ilikuwa tayari chini ya chuma. Jana aliniuzia jimu yake ya kunyanyulia vyuma hapa Thika, tukaandikiana kwa wakili. Leo alikuja kufanya zoezi la mwisho, na kabla ya kulala kwenye benchi akawaambia wateja wote wamfuate Ruiru, anafungua nyingine pale Kimbo.

Nikatia mikono mfukoni.

"Bosi, waambie tena watakuwa wakienda wapi."

Chuma chenyewe, gia mbili za lori zilizochomelewa kwenye ncha za bomba, kilibingirika polepole kuelekea shingoni mwake.

"Hapa," alinong'ona. "Hapa Thika."

"Hawajasikia," nikamwambia.