Maswali ya Mpakani

“Ulizaliwa siku gani?”

“Tarehe kumi na ine, mwezi wa...” Kijana akasita. “Mwezi wa kenda.”

Kahindo hakuinua macho. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo na kutupa vijiwe nje ya mlango.

“Mutu hawezi kufikiri juu ya siku yake ya kuzaliwa,” alimwambia mwanawe. “Anza tena.”

Akaanza tena.

Ilikuwa wiki ya sita wakifanya hivyo kila asubuhi, katika chumba cha mbao walichopanga Mabanga, mtaa wa Goma. Chuo kimoja cha Uturuki kilikuwa kinamsubiri Henri asomee ujenzi wa madaraja. Pasipoti na viza zilitoka kabla vita havijafika Kalengera, na siku ya kukimbia Kahindo alizifunga tumboni chini ya kitenge. Mengine yote yalibaki nyumbani.

Alitoka Kalengera na watoto wawili wa kiume. Kabla ya Rumangabo bomu lilianguka barabarani, katikati ya watu. Alipofika Goma alikuwa na mmoja. Walizika pembeni ya shamba la mtu wasiyemjua, kwa jembe la kuazima, kisha wakaendelea kutembea kwa sababu watu wa nyuma walikuwa wanasukuma. Kahindo hakulia siku ile. Hakulia hata baadaye. Alipika, alifua, aliuliza maswali.

Hapo Mabanga hakuna aliyewafahamu zamani. Wa kwanza kuwajulia hali alikuwa Nabintu, mama wa Bukavu aliyeuza makaa nyumba ya pili.

“Walikuwa wawili?” aliuliza.

“Wawili. Henri na Benny.”

“Na marehemu ni yupi?”

Kahindo alipepeta ungo mpaka vumbi likaisha.

“Benny. Mudogo. Alikuwa na miaka kumi na saba.”

“Pole sana, mama. Mungu alikuachia mukubwa.” Nabintu alimtazama kijana aliyeketi kizingitini na daftari. “Na ule anaandika nini siku zote?”

“Sahihi yake. Inapaswa kufanana na ile ya pasipoti.”

“Macho yake ni mekundu.”

“Ni miwani inamuumiza.”

“Ni machozi, Mama Henri. Mupe nafasi alie.”

Kahindo alishukuru, akampa kiti, akaenda kuteka maji.

Kijana alifuga masharubu kama ya picha ya pasipoti. Maneno ya Kituruki aliyashika upesi kutoka kwenye simu: mkate, maji, asante, sijui njia. Aliyatamka akikoleza moto, na mara moja hata alimchekesha Nabintu kwa kumsalimia hivyo. Yaliyomsumbua yalikuwa ya nyumbani. Mwaka wa diplome. Asilimia aliyopata. Jina la padri mkuu wa shule, lile alilisahau mara nne kwa asubuhi moja, na Kahindo akalirudia mara nne bila kupandisha sauti.

Siku tatu kabla ya safari alifunga daftari.

“Mama, nisiende.”

“Utaenda.”

“Kule watanipa hesabu. Unajua mimi na hesabu.”

“Utasoma usiku na muchana.”

“Na kama nashindwa?”

Kahindo alikuwa anakunja shati, la mwisho kuingia kwenye sanduku. Alilinyoosha kola kwa kiganja.

“Utashindwa ukiwa hai,” alisema. “Kuja, tuanze tena.”

Ndege ilikuwa ya kutoka Kigali, kwa hiyo asubuhi ya Jumanne walienda kupanga foleni mpakani. Kahindo aliruhusiwa kufika kwenye kamba tu. Kutoka hapo alimwona afisa akiishika pasipoti, akitazama picha, akitazama uso, akirudi kwenye picha.

“Ulizaliwa lini?”

Kijana alijibu.

“Unaenda kusoma nini?”

Alijibu.

“Shule ulimalizia fasi gani? Mwaka gani?”

Alijibu yote mawili, pamoja na jina la padri ambalo hakuulizwa. Kahindo alikuwa anajibu naye, midomo imefumbwa.

Afisa alifungua ukurasa wa viza, akakaa nao. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa katika daftari.

“Una ndugu?”

Kamba ilikuwa mkononi mwa Kahindo. Aliikaza.

“Nilikuwa naye mumoja,” kijana alisema. “Tulimuzika mwezi wa tano.”

Hakusita hata kidogo. Katika wiki zote sita hajawahi kujibu vizuri namna ile. Afisa aliinamisha kichwa, akapiga muhuri, akamrudishia pasipoti kwa mikono miwili.

Kijana alivuka. Upande wa pili aligeuka, akavua miwani ili amwone mama yake, akapunga mkono. Kahindo naye alipunga. Alisimama mpaka sanduku likapotea kati ya wanawake wenye mabeseni ya nyanya, halafu watu wakamwomba asogee.

Hakurudi Mabanga. Alitembea hadi parokia moja ya mbali ambako hajawahi kusali, akamkuta katekista mzee mezani, anaandika nia za misa za juma lile.

“Karibu, mama. Ni ya shukrani?”

“Ya marehemu.”

Mzee alifungua ukurasa mpya. “Tumuombee nani?”

Kahindo alivuta kiti, akakaa.

“Mutoto wangu wa kwanza,” alisema. “Henri. Sijamulilia bado.”