Kidonda Kilichopona

Navalayo aliomba maji tangu asubuhi, lakini kila kikombe kilipomkaribia, koo lilijikaza akakisukuma kwa hofu. Ndipo daktari akamwita kando bibi yake, ambaye Navalayo alimwita Kukhu.

"Kukhu, huyu mtoto aliwahi kuumwa na mbwa?"

"Miezi miwili imepita. Lakini alipona! Nilichoma nywele za huyo mbwa, nikampaka jivu, kidonda kikafunga vizuri kabisa."

Daktari aliketi naye kwenye benchi. "Kilichopona ni ngozi, mama. Hiki ni kichaa cha mbwa. Kirusi chake kilijificha ndani ya mishipa ya fahamu, mahali askari wa mwili hawakukiona, kikapanda polepole mpaka kwenye ubongo. Huko sasa kinazaana. Dawa ya kukizuia hatuna tena."

Bibi alitazama miguu ya mjukuu wake chini ya blanketi, visigino bado vina udongo mwekundu wa shamba la miwa.

"Huyo mbwa aliuma mtu mwingine?" daktari aliuliza.

Ndani ya leso, kidole gumba cha bibi kilipapasa kovu dogo la kiganjani, laini kama haragwe. Aliumwa hapo siku ile akimwondoa mbwa juu ya mtoto. Kisha akaunyoosha mkono kwa daktari.

"Wewe hujaanza kuugua, bado tunakuwahi! Sista, lete chanjo, haraka!" Daktari alikuwa karibu kutabasamu.

Sindano ilipoingia mkononi mwa bibi, Navalayo aliita kutoka kitandani, "Kukhu, uko wapi?"

Bibi aliona haya, kama mtu aliyefumaniwa akila chakula cha mtoto.